Pia ya goti "aina ya 3" na maumivu ya kushuka Mweka

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mgumu, nabeba mizigo Kilimanjaro, naishi Moshi. Tangu msimu uliopita goti la kulia linauma kwa mbele nikishuka na mzigo, na nikikaa sana kwenye basi. Ripoti ya eksirei imeandika pia ya goti ni "Wiberg aina ya 3". Nimeambiwa umbo hilo ndilo chanzo. Niache mlima?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usiache kazi kwa sababu ya mstari huo.

Wiberg, daktari wa mifupa wa Sweden, mwaka 1941 alizigawa pia za goti kwa umbo la upande wa nyuma, unaoteleza juu ya mfupa wa paja. Upande huo una nyuso mbili, ya ndani na ya nje. Aina ya 1 zinakaribia kulingana. Ya 2, ambayo watu wengi wanayo, ya ndani ni ndogo. Ya 3 ni ndogo zaidi. Hayo ni maelezo ya umbo, si jina la ugonjwa. Wenye aina ya 3 wasioumwa kabisa wapo tele. Umbo hilo unalo tangu ujana, maumivu ni ya juzi. Na goti la kushoto yaelekea lina umbo hilohilo, mbona limenyamaza?

Umbo ninaloliogopa ni jingine: mfereji wa mfupa wa paja usio na kina, au pia ya goti iliyokaa juu mno. Hapo pia ya goti huweza kuchomoka kwenda upande wa nje. Kama yako imewahi kuchomoka, nenda kwa daktari wa mifupa.

La sivyo, tazama kazi yenyewe. Toka kambi ya Barafu, mita 4,600 na ushee, hadi geti la Mweka unashuka kama mita 3,000, na hadi kilo 20 za mzigo. Kila hatua msuli wa mbele wa paja unafanya breki huku goti limekunjika, na pia ya goti inagandamizwa kwenye mfupa wa paja. Msuli ukichoka, goti linauma.

Jipime: simama kwenye ngazi kwa mguu wa kulia, shusha kisigino cha kushoto polepole mbele ya kioo. Goti likiingia ndani, yaelekea misuli ya nyonga ni dhaifu. Fanya zoezi hilohilo kwenye ngazi fupi, goti likielekea vidoleni, pamoja na kulala ubavu na kuinua mguu ulionyooka, mara tatu kwa wiki. Maumivu madogo yanayotulia kufikia kesho yake si tatizo, yakizidi, punguza. Nafuu huja kwa wiki sita hadi kumi na mbili, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya pili. Mlimani fupisha hatua, tumia fimbo mbili, na safari za kwanza omba mzigo mwepesi.

Goti likivimba, likikwama, au likiuma usiku ukiwa umelala, usisubiri mazoezi, kaonwe hospitali.