Simu tatu, ugonjwa uleule

Pole sana ndugu yangu. Simu tatu umebadilishiwa ndani ya waranti, na zote kioo kinajibonyeza chenyewe na chaji inakata kabla ya saa saba mchana? Ubovu wa kiwandani haujirudii hivyo kirahisi. Tafuta kile kilichohama nawe kutoka simu hadi simu: laini, memori kadi, chaja, kava, na bekapu unayoirudisha kila mara. Badilisha kimoja kimoja, tafadhali, usivichanganye.

Mimi ningeanza na chaja. Mwaka jana kioo changu kilikuwa kinarukaruka, naandika "a" inatokea "p", kumbe ni pale tu ninapochaji. Chaja mbovu hutoa umeme usiotulia, na kioo kinauhesabu kama kidole. Nilipoazima ya dada yangu kikatulia palepale. Chomoa yako uone: kikiendelea kuruka, chaja haina kosa.

Chaji kuisha ni jambo jingine. Mtandao ukiwa dhaifu hapo nyumbani, simu huongeza nguvu ya kurusha mawimbi ili iufikie mnara, inapata moto na kula betri. Shinda siku moja mahali penye mtandao mzuri ulinganishe. Hali ikiwa ileile, hifadhi picha na namba zako, futa simu yote, kisha itumie siku mbili na programu zilizokuja nayo tu, bila kurudisha bekapu. Ikitulia, mkosaji yumo kwenye bekapu. Rudisha programu moja baada ya nyingine hadi umnase.