Halima, kuhusu vidonge na baba yako

Halima mwanangu, meseji yako nimeisoma mara tatu. Unauliza kama huu ugonjwa wa huzuni umeurithi kwa baba yako, maana daktari kakwambia serotonini, ile kemikali ya ubongo, imepungua kichwani na kakuandikia vidonge vya fluoksetini. Nitakujibu, ila kwanza niache niseme ya mwaka ule mzee, baba yako, alikaa barazani.

We ulikuwa mdogo, Sadiki ndo anakumbuka. Katoka jeshini hasemi, hali chakula, saa tisa usiku yuko macho. Majirani hapa Bombo wakasema kwa Kiganda okwekubagiza, yaani anajihurumia, na mimi nikalidaka hilo neno nikamrushia usoni mbele ya wageni. Hospitali wakatupa amitriptilini, nayo dawa ya huzuni. Mdomo ukamkauka, akasinzia mchana kutwa, siku ya kumi na mbili huzuni iko palepale nikachukua vidonge vyote nikatupa chooni, nikasema dawa gani hii inampumbaza mume wangu. Hakuna aliyekuwa ametuambia tungoje.

Juzi ndo shemeji yako kanieleza, yule wa kliniki. Kumbe vidonge vya namna hiyo vinabadilisha zile kemikali siku ileile, lakini moyo unafuata baada ya wiki mbili, nne, hata sita, maana ubongo lazima ujipange upya polepole. Kwa hiyo si kama tangi la petroli limekauka unajaza unawasha. Kasema mwaka 2022 watafiti wa London walipitia tafiti za miaka mingi hawakukuta ushahidi thabiti kwamba serotonini ya wagonjwa imepungua, na bado dawa zinasaidia wengi. Kortisoli nayo, homoni ya msongo, kwa wengine inakaa juu muda mrefu na usingizi unavurugika. Nikakumbuka ile saa tisa ya usiku nikalia.

Urithi upo. Mapacha wamechunguzwa sana, wanasema damu inaeleza kama asilimia 37 ya tofauti kati ya watu, iliyobaki ni maisha. Bibi yako mzaa baba naye alikuwa anajifungia, unajua.

Ila mimi nasema siku zote, mtu haponi peke yake. Baba yako aliinuliwa na Baba Zubeda, kila jioni na ubao wa omweso, ule mchezo wa bao, hasemi kitu, anapanga kete tu, miezi minne, mpaka siku baba yako akamwambia unaniibia wewe! Nilikuwa jikoni nikaacha ugali uungue. Na kule Masaka na Rakai wanakijiji wenye huzuni waliwekwa kwenye vikundi vya mazungumzo wiki kumi na sita, wakapata nafuu kubwa kuliko wasiowekwa, matokeo yalitoka 2003. Kwa hiyo ni watu, si vidonge. Lakini hapana, nisingetupa vile vidonge pengine isingefika miezi minne, pengine ni vidonge NA Baba Zubeda. Sijui kama mimi ndo nilimchelewesha, nakaribia kusema ndio halafu nanyamaza, yeye mwenyewe hajawahi kunilaumu.

Sasa niambie, uko siku ya ngapi? Kama hujafika wiki ya sita usiache, na vikikusumbua mrudie daktari, usifanye nilivyofanya mimi. Jumamosi nakuja na taksi ya asubuhi, nakuletea mboga na ule ubao wa mzee.