Barua kwa mwanangu: kisamaki cha mti kutoka Ufini

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na picha pia. Umeuliza mawili kwa mpigo: kama ni kweli Rapala, chambo bandia ulichonunua Mwanza, kilianzia kwa familia moja ya mvuvi na hadi leo ni chao, na kwa nini chako ukikivuta kinakimbilia kushoto, kisha kinalala ubavu juu ya maji. La pili huwezi kulielewa vizuri bila la kwanza, basi tuanzie Ufini.

Lauri Rapala alizaliwa mwaka 1905. Hata hilo jina si la ukoo wao. Alipokuwa mtoto, mama yake alihamia parokia ya Asikkala, na mchungaji aliyekuwa akiandikisha watu akalisahau jina la mama huyo, akamwandika kwa jina la kijiji alikotoka. Ndiyo hiyo Rapala unayoisoma kwenye boksi.

Alipokua akawa mvuvi wa ziwa Päijänne, na msimu wa baridi mkata magogo. Kazi iliyomchosha ni ya kutafuta chambo hai na kutunga ndoana nyingi za mshipi mrefu, siku nenda siku rudi. Huko majini akatazama kitu ambacho kila mvuvi amekiona lakini wachache wamekitilia maanani. Paiki, samaki wa kwao mwenye pua ndefu na meno kama mzia wetu, akilivamia kundi la vidagaa hahangaiki na walio wazima. Anamfuata yule mmoja anayeyumba, anayeogelea kombo kama aliyeumia. Lauri akawaza: nikipata kitu kinachoyumba hivyo bila kuchoka, chambo hai cha nini?

Mwaka 1936 akapata cha kwanza. Alikichonga kwa kisu cha fundi viatu, kutoka kwenye koki, lile gome jepesi la vizibo vya chupa, akakilainisha kwa msasa. Ngozi ya samaki aliitengeneza kwa karatasi ya fedha ya kufungia chokoleti. Vanishi hakuwa nayo, basi akayeyusha negativu za picha na kukipaka kwa ute wake ili maji yasipenye. Vitu vya kuokoteza vyote hivyo, ila mwendo wake majini haukuwa wa kuokoteza: alichonga, akajaribu, akapunguza, akajaribu tena.

Baadaye mti wa balsa ukachukua nafasi ya gome. Hapa nisikilize vizuri, maana ndipo penye siri. Balsa ni nyepesi mno, na ndani ya maji inasukumwa juu kwa nguvu. Chini ya kidevu cha chambo kuna mdomo wa plastiki ngumu ulioinama. Ukivuta, maji yanaugonga huo mdomo na kukitupa chambo ubavu mmoja. Wepesi wa mti unakirudisha, kinapitiliza ubavu wa pili, kinarudi tena. Mara nyingi kwa sekunde moja. Chambo cha plastiki kilicho kitupu ndani kinaweza kufanana nacho rangi na umbo, lakini mwili wake ukiwa mzito unachelewa kurudi. Kinayumba, sikatai, ila kizembe.

Ndani ya mti umelazwa waya mmoja wa chuma, kutoka puani, kupitia tumboni pale ndoana ya mbele inaponing'inia, hadi mkiani. Samaki akivuta anavuta waya, si mti. Balsa peke yake ungeichana kwa kucha.

Baada ya vita vya pili vya dunia kazi ilibaki ya nyumbani, mkewe Elma na watoto wao wakisaidia. Kila chambo kilitiwa majini na kunyooshwa kabla ya kuuzwa, na kampuni inaendelea kutamba kwa jambo hilo hilo hadi leo. Mwaka 1959 Mmarekani Ron Weber wa Minneapolis alikutana na kisamaki hicho, akaungana na Ray Ostrom wakaanza kukiagiza. Agosti 1962 jarida la Life likaandika habari zake. Lilikuwa toleo lenye picha ya mcheza filamu Marilyn Monroe kwenye jalada, siku chache baada ya kifo chake, na nchi nzima ililigombania. Bahati ya namna hiyo huwezi kuinunua. Maagizo yaliwazidi nguvu, wakalazimika kutoka kwenye karakana kuingia kiwandani.

Lauri alifariki mwaka 1974, wanawe wakaendelea. Kwa hiyo ndiyo, ilikuwa ya familia. Ila sasa si yao. Mwaka 1998 hisa ziliingia kwenye soko la Helsinki, na mwaka 2000 ikaungana na VMC ya Ufaransa, watengeneza ndoana. Hapo panachekesha kidogo, kwa sababu VMC nayo ni ya ukoo: familia ya Viellard, wahunzi wa chuma tangu 1796, waliogeukia ndoana mwaka 1910, na ndio waliokuja kuwa wenye hisa kubwa. Familia moja ya mti ikatoka, ya chuma ikaingia.

Sasa chambo chako.

Kwanza angalia ndoana. Kwenye picha naona umetoa zile za meno matatu zilizokuja nacho ukaweka nene za baharini. Yako imeandikwa F11: F maana yake inaelea, 11 ni urefu kwa sentimita. Uzito wake wote ni gramu 6 hivi. Ukiongeza gramu mbili tu umeongeza theluthi ya uzito, na yale mayumbo unayoyalipia yanakufa. Rudisha za mwanzo. Kama unawataka sangara wakubwa kwa kurambaza, yaani kuburuta chambo nyuma ya mtumbwi (neno la wavuvi hilo, kabla watu wa kompyuta hawajaliazima), usiiongezee hiyo chuma. Nunua Magnum au Super Shad Rap, vyambo vingine vya Rapala vilivyoundwa kubeba ndoana nzito. Magnum ya kuzama imechongwa kwa abachi, mti wa Afrika Magharibi, mgumu kuliko balsa.

Pili, fundo. Usikaze mshipi kwenye pete ya pua, utakifunga mdomo. Acha kitanzi. Piga fundo la kawaida, legevu, sentimita 13 hivi kutoka kwenye ncha. Pitisha ncha kwenye pete ya chambo, irudishe ndani ya lile fundo. Izungushe mara tatu kwenye mshipi mkuu, iingize tena kwenye fundo kwa upande wa nyuma, halafu kwenye kitanzi kipya kilichojitokeza. Lowesha kwa mate, vuta polepole. Ukivuta kukavu, nailoni inaungua na itakatikia hapo hapo.

Ukishafanya hayo na bado kinakimbilia upande, basi pete ya pua imepinda, labda kiligonga jiwe au ulikifungua mdomoni mwa samaki kwa kuvuta. Kishike pua ikuelekee. Kama kinakwenda kushoto kwako, pinda pete kulia kwako kwa koleo yenye ncha nyembamba, kiasi cha unene wa ukucha tu. Pinda, usizungushe: ukiizungusha gundi inaachia, maji yanaingia kwenye balsa, mti unavimba na rangi inapasuka. Cha namna hiyo hakitengenezeki tena.

Kile kingine ulichouliza bei, chenye herufi CD, kinazama sentimita 30 hivi kila sekunde. Ukitaka mita 3, hesabu hadi kumi ndipo uanze kuvuta. Kwenye miamba ya ziwa hesabu pungufu.

Majaribio yafanye ufukweni kwenye maji tulivu, mshipi wa mita tatu, ukivuta kwa mwendo wa mtu anayepiga makasia bila haraka. Usiende nacho kwenye mtumbwi kabla hakijanyooka mara tano mfululizo.

Baba yako