Mifuko au kalamu kwa wageni wa banda Sabasaba?

Chukua mifuko mbadala (ile ya kitambaa kisichofumwa, inayotumika badala ya plastiki), kalamu ziwe nyongeza tu. Pale uwanja wa maonyesho ya biashara ya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, mtu anapokea vipeperushi banda baada ya banda hadi mikono inajaa. Ukimpa mfuko anautia begani papo hapo, na jina lako linazunguka uwanja mzima kabla ya kwenda naye sokoni.

Wa plastiki usiuguse, ni marufuku tangu 1 Juni 2019. Hata mbadala una kiwango: gramu 70 kwa mita ya mraba. Ule mwepesi unaopitisha mwanga hadi upande wa pili haufai, na mshikio wake unang'oka kwa kilo mbili za mchele. Kabla ya kulipa, dai sampuli iliyochapwa. Vuta mshikio kwa nguvu (uwe umeshonwa kwa msalaba, usiwe wa kubandikwa kwa joto), kisha sugua nembo kwa kitambaa chenye maji, maana wino usiokauka vizuri utachafua nguo ya mgeni. Rangi moja inatosha, namba ya simu iandikwe kubwa.

Fulana acha, saizi zitakusumbua. Na mzigo ugawe kwa siku, fungu kubwa libaki la tarehe 7 Julai.