Kulithamini gitaa la Silvertone kabla ya kulirekebisha

Anayenunua gitaa la umeme la bei nafuu lililotengenezwa Marekani katika miaka ya 1960 hana budi kuuelewa kwanza ubahili wa mtengenezaji wake, kwa kuwa sauti ya gitaa hilo imetokana na ubahili huo. Ninalolipiga mimi ni Silvertone, jina ambalo Sears, kampuni ya maduka ya Marekani, ililitumia kuuzia magitaa mengi yaliyoundwa na Danelectro, kampuni ya Nathan Daniel huko New Jersey.

Kiwiliwili chake ni fremu ya mbao iliyofunikwa hadibodi, yaani ubao mwembamba wa nyuzinyuzi za mbao zilizoshindiliwa, mbele na nyuma, na ubavuni pamebandikwa utepe wa plastiki. Sumaku na waya vinavyonasa mtetemo wa nyuzi vimefichwa ndani ya vikopo vya kutilia rangi ya mdomo (lipstiki). Wapo wanaocheka wakisikia hayo, nami huwaomba walipige kwanza, kwani ni jepesi begani na sauti yake ni nyangavu. Katika modeli zenye vinasa viwili, swichi ikikaa katikati, vinasa hivyo huunganishwa kwa mfululizo, yaani umeme wa kimoja hupitia cha pili, jambo lisilo la kawaida, na sauti hupanda na kunenepa. Jimmy Page wa bendi ya roki ya Led Zeppelin alipiga Danelectro jukwaani, wala sidhani kwamba alikosa fedha za kununua jingine.

Unapotaka kununua, anza na shingo. Ndani yake mna vyuma visivyorekebishika, hivyo shingo iliyopinda haina skrubu ya kuinyoosha, na gitaa la namna hiyo ni bora uliache hata bei ikikuvutia. Kwenye daraja, nyuzi hukalia kipande kimoja tu cha mbao, kwa hiyo noti za juu hazilingani kikamilifu. Legeza skrubu yake, ukigeuze kidogo kidogo mpaka uzi wa kwanza na wa sita viridhishe sikio. Kufunga daraja jipya la chuma ni kuitoboa hadibodi bure. Unyevu nao uogope, kwa maana hadibodi hunywa maji ikavimba.

Modeli ya 1448, iliyotoka mwaka 1962 kwa bei isiyofika dola 70, ina amplifaya ndani ya sanduku lake. Amplifaya hiyo hutumia umeme wa Marekani, kwa hiyo anayeipeleka Tanzania au Kenya atahitaji transfoma ya kupunguza volti, na fundi aikague kwanza, kwa sababu kapasita zake, yaani vipande vinavyohifadhi umeme, hubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa ukutani.