Mpira unakutoroka ukigeuka kwa kasi? Anza na miguu

Kaka, kama mpira unakukimbia kila ukigeuka kwa kasi, mimi ningeangalia miguu kabla ya mpira. Wengi hugeuka wakiwa bado na hatua ndefu na mwili wima; hapo hata uwe fundi vipi, utateleza au mpira utakwenda peke yake. Hatua mbili tatu kabla ya kugeuka, fupisha hatua, kunja magoti, shusha kiuno. Mguu wa kuegemea ukanyage nje kidogo ya mwili, ndipo ujisukume upande mpya. Mguso wa kwanza uwe mdogo, kwa nje ya kiatu. Wa pili ndio wa kukimbilia.

Kwa mazoezi ya kugeuka, koni za kuzunguka si lazima, chupa za maji au ndala zinatosha. Anza taratibu, na mguu dhaifu nao ufanye kazi. Ila badilisha mpangilio, maana beki hasimami kama chupa! Ukipata mwenzako wa kukukaba, bora zaidi, ujifunze kumdanganya. Johan Cruyff, nyota wa Uholanzi, alimpita beki wa Uswidi kwenye Kombe la Dunia 1974 kwa kujifanya anapiga pasi kwanza.