Sledi imenoki: utengeneze au uipige bei?

Kuna mdau yuko Duluth, huku Minnesota, Marekani, kanitumia meseji usiku wa manane. Kanunua pikipiki ya theluji mtumba, ndo hiyo tunaita sledi, ya kwanza kwake, imemzimikia katikati ya ziwa lililoganda na sasa akivuta kamba ya kuwashia inakuja kiulaini tu. Anauliza, "Kaka, niitengeneze au niipige bei nisahau?" Ningemjibu kwa mistari miwili nikalala, lakini hii kitu nina uchungu nayo, acha niiandike wote msome.

Yangu niliinunua mwezi wa nne 2024. Mliokuwa Minnesota mnakumbuka baridi ya 2023 kuingia 2024, theluji karibu hakuna, sledi zimelala gereji msimu mzima, kufika mwezi wa nne watu wanazitupa kwa bei ya chini. Nikaona nafasi ndo hii. Muuzaji mzee mmoja mpole, mstaafu, kanikaribisha na kahawa kabisa, ananiambia msimu uliopita imetembea vizuri haina shida. Msimu upi sasa mzee wangu, wakati theluji yenyewe haikuja? Ile kauli mpaka leo ikinijia nikiwa naendesha nacheka peke yangu, na sio kicheko cha furaha.

Januari ikanifia ziwa Mille Lacs nikienda kuvua. Habari za kuivuta mpaka kwenye gari siwapi. Nikaipeleka karakana, hata hawajaifungua wananiambia weka injini nyingine, dola 2,600, na mimi sledi nzima nimeinunua 1,800. Nikaweka kwenye grupu la WhatsApp la Watanzania wa huku kuomba ushauri, nikavuna vicheko, eti mtu wa Mwanza na theluji wapi na wapi. Sawa. Hao hao sasa hivi wanaomba lifti ya kwenda kuvua.

Nikaifungua mwenyewe. Na hapa ndo kiini cha habari yote, msiruke: usiamue kutengeneza wala kuuza kabla hujajua imekufa kwa nini. Sio imeharibika nini, kwa nini. Watu wanaona pistoni imekwaruzika wanakimbilia kuagiza pistoni, wanafunga, inawaka, wanapiga picha wanaposti, wiki ya pili ile mpya nayo imeungua, kwa sababu kilichoua ya kwanza bado kipo palepale.

Anza na kompresheni, geji yenyewe ni bei ndogo. Toa plagi zote, vuta akseleta mpaka mwisho, vuta kamba mpaka mshale ugome kupanda. Injini nyingi za hizi zikiwa nzima zinasoma psi 120 hivi kwenda juu, na silinda zisipishane zaidi ya asilimia 10. Yangu moja 125, nyingine 70. Hapo unajua maiti iko chumba gani.

Kung'oa silinda nikakuta pistoni imechanika upande wa ekzosi, aluminiamu imeyeyuka ikajipaka ukutani. Sasa silinda hizi usizifananishe na za boda, hazina slivu ya chuma ya kuchonga ukaweka pistoni kubwa, nyingi zimepakwa tabaka gumu la nikeli wanaloliita Nikasil, likitoboka inabidi upeleke likapakwe upya na hiyo ni hela nyingine. Kwa hiyo nikapitisha ukucha taratibu. Ukucha ukinasa kwenye mfereji ujue mkwaruzo ni wa kweli, ukipanda kijilima na kushuka hiyo inawezekana ni aluminiamu tu imegandia juu. Wangu ulipanda. Nikachukua asidi ile ya kusafishia sakafu za zege, glavu, mlango wa gereji wazi, nikawa naipaka kidogo kidogo na kijiti chenye pamba juu ya lile doa tu. Inachemka povu jeupe, unafuta, unapaka tena, inachemka, na ikifika kwenye nikeli inanyamaza. Nikaosha, nikamulika tochi, nikaona ile mistari ya kiwandani ya kukatana bado ipo chini, yaani nikeli nzima. Jamani nilipiga kelele mpaka mama watoto akatoka kuangalia.

Ila sikukimbilia dukani. Nikashika mkono wa pistoni nikausukuma juu na chini. Ukicheza kulia na kushoto ni kawaida yake, ukicheza juu na chini hata kidogo beringi ya krenki, ile shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, imekwisha na hesabu inabadilika kabisa. Wangu haukucheza, na kule chini sikukuta vipande vya chuma. Ndo nikaanza kumtafuta mwuaji, nikampata kwenye mpira unaoshika kabureta, una ufa usiouona mpaka uukunje. Hewa inaingia hapo bila petroli, mchanganyiko unakuwa mkavu, na hizi ni tustroki kama mashine za mitumbwi kule kwetu Kirumba, mchanganyiko ukiwa mkavu joto linapanda, pistoni inakaangika. Na kabureta nazo jeti, vile vitundu vya kupitisha petroli, zimeziba kwa petroli ya zamani iliyolala humo. Pistoni, ringi, gasketi, mipira miwili, kusafisha kabureta, haikufika dola 300. Mzee wa kahawa najua alijua.

Sasa jamaa yangu wa Brooklyn Park, yake ilikula krenki, na vipande vya pistoni vimeshuka mpaka chini. Yeye anataka kutengeneza kwa sababu mimi nimetengeneza. Nikamwambia kaka, kaa chini tupige hesabu: sledi kama hii ikiwa nzima mwezi wa 12 inauzwa ngapi? 2,500. Mbovu hivi leo? 700. Katikati hapo kuna 1,800, na hicho ndo kikomo chako, kazi na vipuri vyote ndani, ukizidi unamtengenezea mtu mwingine bure. Krenki, silinda zote mbili kupakwa upya, fundi, ilishapita. Tukaihifadhi mpaka Septemba, tukaipeleka North Branch kwenye Hay Days, tamasha la sledi, kwenye soko la mitumba ambako watu wanakuja na matrela yao kutafuta mizoga. Mwezi wa tano usiuze mbovu, hakuna mtu anawaza theluji anawaza boti.

Na ukiiuza sema ukweli, hapa naomba mnisikilize maana wabongo tuna huu ugonjwa na wazungu nao wanao nimeshauona. Andika "injini imekufa, krenki imekwisha, mkanda mzuri, skii nzuri, klachi nzima, shokapu hazivuji," weka picha ya pistoni ilivyoungua, iweke ya kwanza kabisa. Anayetafuta mkanda na klachi havutiwi na maneno matamu, anataka kujua anapata nini. Sisi tuliweka ile pistoni juu ya siti, kila anayepita anaishika anaigeuza anaguna, na ikauzwa juu ya 700 tuliyoipigia hesabu. Kumdanganya mwenzio akafe baridi ziwani ni roho mbaya, hakuna jina lingine.

Hela chukua taslimu au ingieni benki wote wawili, hundi usipokee hata kama anakuita brother. Karatasi ya usajili wa DNR, idara ya maliasili ya jimbo, saini siku hiyohiyo, na ipige picha kabla haijaondoka na trela.